Sulisuli kuachiwa si lazima apone
Eti kila sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, anayevuliwa na watalii Watamu, pwani ya Kenya, akarudishwa baharini anaendelea na maisha kama kawaida. Wengi wanapona, sikatai, lakini inategemea mikono ya mabaharia. Nimefanya kazi kwenye boti hizo. Ndoana ya mviringo hushika pembeni mwa mdomo na kutoka upesi. Ile yenye umbo la J samaki huweza kuimeza ikamchana koo au matamvua, damu ikachirizika, na papa hawako mbali. Halafu picha! Samaki kapigana mpaka kaishiwa nguvu, mnampakata nje ya maji, mkia unachapa ubao, na mteja anasema “moja tena”. Anayeijua kazi humwacha majini, humshika ule mdomo mrefu huku nahodha akiisogeza boti taratibu ili maji yapite kwenye matamvua, mpaka aanze kuogelea mwenyewe. Na hizo alama za utafiti wanazochomekwa mgongoni hurudisha habari za waliovuliwa tena. Aliyekufa akazama nani atamhesabu? Manahodha wa Malindi na Shimoni, nyinyi mnawakataza wateja kumpandisha botini, au mnaogopa kukosa bakshishi?