Chuma kizee kwao kina mwenyewe

Gadi wa treni pale Porthmadog, Wales, aliposikia natoka Kenya alifurahi kama aliyemwona nduguye. "Kichwa hiki cha treni kimetoka kwenu!" Kwetu wapi? Kilikuwa Natal, Afrika Kusini, na kutoka kwetu Amu, yaani Lamu, hadi Natal ni mbali kuliko kutoka hapo tuliposimama hadi Istanbul. Nikanyamaza. Ukianza kumsomesha mzungu jiografia Jumapili asubuhi utakosa kiti cha dirishani.

Treni ilipoanza kupanda milima nikagundua kilichonichoma si gadi. Kichwa chenyewe kiliundwa Manchester mwaka 1958, katika kiwanda cha Beyer Peacock. Ni aina ya Garratt: bwela, lile pipa la kuchemshia maji, limening'inia katikati, magurudumu na mashine zake mbele na nyuma, kwa hiyo kwenye kona kali kinajikunja na reli. Kikapelekwa Natal kuvuta mizigo kwenye reli nyembamba, upana wake kama sentimita 60. Kazi ya huko ilipoisha, hawa wenye reli ya Wales wakakifuata, wakakirudisha 1997. Na reli kinayopita leo, kilomita 40 kutoka Caernarfon hadi Porthmadog, ilifungwa 1937 ikang'olewa. Wameitandika upya, ikakamilika 2011. Kwa ajili ya nini? Kwenda polepole! Nilipomsimulia ami kwa simu alicheka mpaka akakohoa: "Kwani huko hawana ndia ya lami?"

Wanayo, ami. Ndilo linaloniudhi.

Tuliposimama kituo kimoja akashuka mzee mwenye ovaroli iliyojaa masizi, kopo la mafuta mkononi, lile lenye shingo ndefu. Akawa anatia tone hapa, tone pale, kisha anagusa chuma kwa mgongo wa kiganja kusikiliza joto, kama mama anayempima mtoto homa. Nikauliza analipwa kiasi gani. Halipwi. Yeye ndiye anayelipa, ada ya uanachama, apate ruhusa ya kuchafuka.

Sasa kumbukeni, kiwanda hicho hicho ndicho kilichoiundia Afrika Mashariki vichwa vya aina iliyoitwa daraja la 59, mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa 34, vimepewa majina ya milima yetu, na reli ya upana wa mita moja haijawahi kuona vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuvishinda. Ndivyo vilivyokuwa vikivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara. Vimebaki viwili. Vingine vyote, muulizeni muuza vyuma chakavu.

Najua mtakalosema. "Mwana wa Amu na reli wapi na wapi?" Kweli, sisi reli tunaijua kwa hotuba. Tangu Machi 2012, wakubwa wa nchi tatu walipokuja kutuzindulia bandari na reli yake, hatujasikia hata honi. Lakini jahazi tunalijua. Na msiniambie hatujui kutunza. Nendeni Matondoni mkamtazame fundi anavyopiga kalafati: pamba iliyolowa mafuta anaishindilia kati ya mbao kwa tindo, taratibu, bao kwa bao, halafu chombo kinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, mpaka mtaa mzima unanuka papa. Yule mzee wa Wales angevua kofia. Ufundi upo. Kinachotushinda ni kuendelea kukipenda chombo siku kinapoacha kuingiza pesa.

"Wenzetu wana pesa." Hapo nakubali nusu. Reli jirani yake, ya Ffestiniog, ilianza 1836 kwa kuteremsha vigae vya mawe kutoka milimani hadi bandarini. Mabehewa yalishuka yenyewe kwa uzito, na farasi nao walipanda behewa lao wakala majani, wasubiri kuyavuta matupu kurudi juu. (Punda wetu wakizipata habari hizi watagoma.) Utajiri ulikuwapo, tena mwingi. Ila walioifufua miaka ya hamsini, baada ya kufungwa, wengi walikuwa wa kujitolea, majembe mikononi, wakifyeka vichaka vilivyoifunika reli. Hilo nalo mtaniambia ni pesa?

Wala sisemi ni malaika. Treni zao za kila siku zinachelewa na nauli inauma, na jirani yangu wa ukuta mmoja hajawahi kunisalimu. Amu ningekuwa nishaletewa mahamri. Sijawa mzungu, ningali nalalia ubavu wa kulia na kuota pweza.

Ila anayetaka kuniita mzungu mweusi anijibu kwanza: jahazi la babu yake liko wapi? La babu yangu najua liliko. Lilikatwa mbao, likawa meza na vitanda vya hoteli, na wageni wanaulizia bei ya kuvisafirisha Ulaya. Seremala alilipwa vizuri, sikatai.