Moshi ni wa nani? Jedwali la Denmark na lumbesa letu la mkaa

Nyumbani Tanzania ukitaja "sekta ya usafiri", kila chenye magurudumu kimo. Huku Denmark, kwa mtu wa takwimu, lori la kiwanda cha mikate si usafiri. Moshi wake unaandikwa kwa mwoka mikate, gari la mtu binafsi linakwenda kwenye kaya, na wanaobaki "usafiri" ni wanaobeba kwa malipo tu. Ndivyo zinavyopangwa hesabu za hewa chafu ambazo Kanuni namba 691 ya 2011 inazitaka nchi za Umoja wa Ulaya zitoe kila mwaka: shughuli 64 za kiuchumi, kaya zikiwa mstari wao, kwa mgawanyo uleule wa pato la taifa. Hapo unagawa tani za gesi kwa fedha zilizozalishwa, unaona nani anachafua sana kwa kipato kidogo.

Jedwali hilo linawaumbua wenyeji pia. Linamfuata mwenye biashara popote alipo, kwa hiyo mafuta ya meli za Kidenmark yaliyojazwa Singapore yanarudi Denmark kihesabu. Lile lengo wanalojivunia, kupunguza gesijoto kwa asilimia 70 ifikapo 2030 kutoka kiwango cha 1990, halizihesabu safari za meli za kimataifa. Anayewasifu asome majedwali yote mawili.

Sisi tungekwama wapi? Si kwenye mitambo ya kupima hewa. Hesabu hizi karibu zote ni kiasi cha kitu kilichochomwa mara kizidisho. Lita 100 za dizeli ni kama kilo 270 za hewa ukaa, Mwanza au Copenhagen. Tatizo ni kujua nani kachoma. Bodaboda na mwalimu mwenye pikipiki wanajaza petroli pampu moja; wa kwanza ni usafiri, wa pili ni kaya, na risiti haisemi. Malori ya Rwanda na Kongo yanayojaza dizeli kwetu yatolewe, yetu yanayojaza nje yaongezwe.

Mkaa ndio kichwa hasa. Moshi wa tanuri la porini ni wa shughuli ya ukataji magogo. Moshi wa jiko ni wa kaya. Hewa ukaa ya kuni ina safu yake pembeni, lakini methani, kaboni monoksaidi na vumbi laini vinaingia moja kwa moja. Sasa pima. Kipimo chetu ni gunia, na gunia la kawaida si lumbesa: jingine kilo 50, jingine 75, na mkaa uliomwagiwa maji unadanganya mizani. Tanuri lililofunikwa vizuri kwa udongo, kuni zikiwa kavu, hutumia kama kilo 5 za kuni kwa kilo 1 ya mkaa. Likivuja hewa au kuni zikiwa mbichi, 8. Kosea vyote viwili, umekosea kuni zaidi ya mara mbili, na bado hujagusa gesi. Mkaa unaopita bila kibali ndio kwanza haupo kabisa.

Ng'ombe ni rahisi, rahisi mno. Kizidisho cha msingi cha mwongozo wa kimataifa wa 2006 wa kuhesabu gesijoto, kwa Afrika, ni kilo 31 za methani kwa mwaka kwa ng'ombe asiye wa maziwa; mara 28, kwa kuwa methani hupasha joto kuliko hewa ukaa, ni sawa na kilo 868 za hewa ukaa. Mfugaji akiboresha malisho, namba haisogei. Inasogea idadi ya vichwa tu. Denmark wanahesabu kwa chakula anacholishwa ng'ombe, ndiyo maana wamethubutu kupanga kodi ya mifugo kuanzia 2030, kroner 300 kwa tani ya gesi, kabla ya punguzo la asilimia 60. Kodi hiyo kwa kizidisho chetu ingekuwa kodi ya kichwa.

Kwa maoni yangu mistari 64 isubiri. Tuanze na mitano: mifugo, mkaa, usafiri wa malipo, umeme, saruji. Utafiti wa matumizi ya kaya uulize mkaa kwa kilo, mdadisi akiwa na mizani ya kuning'iniza, na bodaboda aulizwe lita kwa siku. Kwenye mageti ya mazao ya misitu, gunia moja kati ya kila 20 lipimwe, na lumbesa liandikwe kuwa lumbesa.