Kabla hujamkataza chapati, mwambie mumewe akapime

Mwanamke anayetafuta mtoto hapa Dar es Salaam hakosi orodha. Atapewa na wifi, atapewa na shangazi, atapewa na jirani, na kwenye kundi la WhatsApp atapewa na mtu asiyemjua hata jina. Asinywe maji ya baridi, yanagandisha kizazi. Aache chapati na maandazi, ngano inavuruga homoni. Aache sukari, soda, chai ya maziwa, nyama nyekundu, nanasi na papai. Asipande bodaboda. Asifue mashuka kwa mkono. Wakimaliza tendo la ndoa apandishe miguu ukutani, asinyanyuke mpaka asubuhi. Na baada ya kushika yote hayo, anaambiwa aache mawazo.

Mimi ni mmoja wa wanaotafuta, na orodha hizi nimezipokea za kila aina. Nasema wazi kwamba sehemu kubwa yake haina msingi. Lakini kinachonikera zaidi ni kazi ambayo orodha hizi zinaifanya: zinamtafutia mwanamke kosa. Damu ikija mwezi huu, swali la kwanza analoulizwa, na analojiuliza mwenyewe chooni, ni "nilikula nini?" Haulizwi kama mirija imepimwa. Haulizwi kama mayai yanapevuka. Na mbegu za mume hakuna anayezitaja.

Sasa mtazame mume. Jioni anapita kijana na sinia begani: muhogo mbichi, vipande vya nazi, karanga mbichi. Mbele kidogo kuna meza ya supu ya pweza, wanaume wameizunguka wamesimama na vikombe. Mwanaume akitaka mtoto anaongezewa vitu vya kula. Mwanamke akitaka mtoto anapunguziwa. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuhoji orodha hizi zilitungwa na nani na kwa faida ya nani. Tena pweza na karanga wanapewa sifa ya kuongeza nguvu za kiume, na nguvu za kiume ni jambo jingine kabisa na mbegu. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zake zote, mkewe hana malalamiko, na kwenye maji yake isionekane mbegu hata moja. Hilo huwezi kulijua kwa macho wala kwa kusikilizia mwili. Linajulikana kwa hadubini.

Katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume unahusika, ama peke yake ama pamoja na wa mwanamke. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema mtu mmoja kati ya 6 hukutana na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo hatuzungumzii watu wachache waliokula vibaya.

Nianze na ngano, kwa sababu ndilo katazo linaloniuma kuliko yote. Kuna kirutubishi kimoja ambacho kila mwanamke anayetafuta mimba anakihitaji kabla hajashika mimba, nacho ni asidi ya foliki. Mgongo wa mtoto na fuvu lake hufunga ndani ya wiki nne hivi za mwanzo tangu mimba itungwe, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Foliki ikipungua wakati huo, hatari ya mgongo wazi inapanda. Wazazi wanaowapeleka watoto wao MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kwa upasuaji wa mgongo wazi na kichwa kikubwa wanalijua hili kwa machungu. Ndiyo maana wanawake wanashauriwa kumeza mikrogramu 400 za foliki kila siku tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Na ndiyo maana kanuni za nchi hii tangu 2011 zinataka viwanda vikubwa viongeze madini ya chuma, zinki, vitamini B12 na foliki kwenye unga wa ngano. Huyu dada anayeambiwa aache chapati, mkate na maandazi ili "asafishe homoni" anaondolewa moja ya njia chache ambazo foliki inamfikia bila hata kuijua. Na mara nyingi anayemkataza chapati hajamtajia vidonge vya foliki, ambavyo ndivyo kitu kimoja chenye ushahidi usio na ubishi katika habari hii yote.

Maji ya baridi sina maneno mengi nayo. Yakifika tumboni yanapashwa na joto la mwili, na tumbo la chakula halina mlango wa kuingilia kwenye kizazi. Chai nayo: ushauri wa kawaida ni kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku, yaani kama vikombe viwili vya kahawa. Kikombe cha chai ya maziwa asubuhi kiko chini sana ya hapo. Miguu ukutani? Mbegu zenye uwezo huingia kwenye ute wa mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Kinachotoka baadaye ukisimama ni majimaji tu. Nenda kaoge, ulale salama.

Katazo jingine linalopoteza miezi ya watu ni lile la "subirini siku ya 14". Wanandoa wanakaa mbali wiki mbili nzima ili mbegu "zijae", wanakutana siku ya 14, kisha wanaacha. Siku 14 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata, na hata hivyo ni makadirio. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35 hutoka karibu na siku ya 21. Huyu wa pili akiifuata kanuni kwa uaminifu wote, kila mwezi anafika mapema na kuondoka kabla yai halijatoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliowafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, ulionyesha kuwa mimba zilitungwa katika siku sita: tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe yai linapotoka. Mbegu huweza kuishi mwilini hadi siku tano, yai halifikishi zaidi ya siku moja. Kwa hiyo kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha, bila kalenda ukutani na bila kunyimana.

"Acha mawazo, utashika mimba." Hili husemwa kwa upendo, najua, na wengi wanaonitamkia wananipenda kweli. Lakini litafakari vizuri: mwanamke ambaye tayari anaumia anaambiwa kwamba kuumia kwake ndiko kunakomzuia. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliokuwa wakipandikizwa mimba, wakaangalia kama waliokuwa na msongo mkubwa kabla ya matibabu walikosa zaidi ya wengine. Hawakukosa zaidi. Msongo unastahili kutibiwa kwa sababu unamtesa mtu, hiyo ni sababu ya kutosha. Kumbebesha lawama ya mimba ni ukatili.

Na yapo ambayo licha ya kutosaidia yanaharibu. "Kusafisha kizazi" kwa kuingiza asali, ndimu, tumbaku au vidonge vya mitishamba ukeni huua bakteria wazuri wanaoulinda uke na kufungua njia ya maambukizi. Katika eneo letu hili la Afrika, moja ya sababu kubwa za wanawake kukosa mimba ni mirija iliyoziba kwa maambukizi: kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Mtu anauziwa kinachoweza kumletea ugonjwa uleule anaoukimbia. Kujinyima chakula nako kuna mpaka. Mwili ukikosa nishati ya kutosha huacha kupevusha mayai, na hedhi hukatika. Nimewaona dada waliopungua mpaka mashavu yameingia ndani, wanasifiwa kwa nidhamu, na siku zao hawazioni.

Sisemi kwamba namna tunavyoishi haina uzito wowote. Sigara inapunguza uwezo wa kushika mimba, kwa mwanamke na kwa mwanaume. Pombe iachwe. Sukari na presha ziwe zimedhibitiwa kabla ya mimba. Mwenye uzito mkubwa na vifuko vingi kwenye ovari, akipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito, mayai yanaweza kuanza tena kupevuka. Kijana anayejidunga testosteroni ili ajaze kifua gym ajue kwamba sindano hizo huuambia mwili uache kutengeneza mbegu. Orodha inayobaki ni fupi, na nusu yake inamhusu mwanaume.

Kinachoniogopesha kuliko makatazo yenyewe ni muda yanaoula. Mwanamke wa chini ya miaka 35 anashauriwa kwenda kupimwa baada ya miezi 12 ya kutafuta bila mafanikio. Aliyefika 35, baada ya miezi 6. Na mwenye hedhi isiyoeleweka au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga asisubiri kabisa. Lakini orodha haina mwisho. Ukimaliza miezi mitatu bila ngano unaambiwa labda ni maziwa. Ukiacha maziwa, labda ni mafuta. Mwaka unakatika, wa pili unakatika, na mirija iliyoziba haizibuki kwa kuacha maandazi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mama wakwe, mawifi na mashangazi, kwa sababu ninyi mnasikilizwa. Anzeni na kijana wenu. Kipimo cha mbegu hakina kisu wala sindano, na ni rahisi kuliko karibu kila kipimo anachofanyiwa mwanamke. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa, atoe sampuli, ifike maabara ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya apime tena, kwa kuwa mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuzishusha. Akikataa, mkalisheni kitako kama mnavyomkalisha mke wake, mumuulize anaogopa nini, na mumsikilize akijibu. Katika muda huo muacheni mke wake anywe chai yake na chapati.