Mipangilio ya simu yangu naiweka mwenyewe

Simu mpya ikiingia nyumbani, mkono wa kwanza kunyooka si wangu. "Mjomba, lete nikuwekee kila kitu, wewe uikute tayari." Kijana ananipenda na haoni ubaya wowote. Simpi. Na wenzangu wasioona nawaambia kila siku wasimpe mpwa, mke, mume wala muuzaji wa dukani. Kuchomeka laini, sawa, asaidie, kile kitundu cha kutolea trei ya laini kinawasumbua hata wenye macho yao. Kuunganisha Wi-Fi, asaidie. Kugusa mipangilio ya kisoma skrini, ile programu inayotusomea kwa sauti kilichoko kwenye kioo, hapana.

Anayeona huandaa simu ya kutazama. Atakuza maandishi ambayo mimi siyasomi, ataweka picha ya familia kwenye skrini, atapandisha mwangaza. Sauti ataiacha kama ilivyotoka kiwandani, ya polepole na yenye maelezo marefu, kwa kuwa ikiongea hivyo yeye anaielewa. Hajui kwamba ile ni sauti ya kujifunzia. Ukiizoea simu, inakuwa kero.

Na siku hizi hakuna sababu ya kumngoja mtu. Zama za Nokia za vitufe, kisoma skrini kilikuwa programu ya kununua kando, na bei yake haikuwa ya mifuko yetu. Wengi tulikwenda kwa kuhesabu: menyu, chini mara tatu, sawa. Mwaka 2009 mambo yakageuka. Apple waliweka VoiceOver, kisoma skrini chao, ndani ya iPhone 3GS, na mwaka huohuo TalkBack, kisoma skrini cha Google, ikaingia kwenye Android 1.6, kazi iliyotoka kwenye timu ya Google aliyokuwamo T. V. Raman, mhandisi ambaye mwenyewe haoni. Leo kwenye simu nyingi za Android, ukiiwasha mara ya kwanza kabisa, pale inapokukaribisha na kukuuliza lugha, bana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde chache. Itaanza kuongea. Kuanzia hapo ni wewe na simu yako.

Njia hiyohiyo ya vitufe viwili ndiyo inayowapa mafundi wa Kariakoo riziki. Mtoto anachezea simu ya mama, anabana vitufe bila kujua, simu inaanza kuongea na kugoma kufunguka kwa kugusa mara moja. Mama anakimbilia kwa fundi: simu yangu ina kirusi. Fundi anazima TalkBack, anapokea hela yake. Amezoea hivyo, kwake simu inayoongea ni simu mbovu. Sasa wewe mpelekee simu abadilishe sehemu ya kuchajia. Utarudishiwa kitu kimya kama jiwe, na atakwambia kwa fahari: "Mzee, na ile sauti nimekuondolea, hiyo sikuchaji." Kwa hiyo kabla simu haijatoka mkononi mwako, hakikisha njia ya mkato ya vitufe vya sauti imeelekezwa kwa TalkBack na inafanya kazi hata skrini ikiwa imefungwa. Ijaribu ukiwa nyumbani. Zima, washa, zima, washa.

Nije kwenye kasi, maana hapo ndipo ninapobishana na watu zaidi. Wapo wanaoamini kwamba kupandisha kasi ya sauti ni majivuno, kuwaonyesha wenye macho kwamba masikio yako yanakimbia. Hebu piga menyu ya pesa kwenye simu, ile ya nyota na reli, sauti ikiwa kwenye kasi ya kiwandani. Kisanduku kinafunguka. Kisoma skrini kinaanza juu: karibu, moja, tuma pesa, mbili, toa pesa, tatu, nunua muda wa maongezi. Kikifika namba sita unatafuta sehemu ya kuandikia, kibodi inapanda na kufunika nusu ya skrini, unasogea kwa kidole kimoja, kisanduku kinapotea. Muda umekwisha. Unaanza upya, na nyuma yako kwa wakala kuna foleni inayoguna. Kurefusha muda wa skrini kubaki imewaka hakusaidii hapa, kwani saa inayokukimbiza iko kwenye mtandao, haiko kwenye simu yako. Unachokimudu wewe ni kasi ya kusikia. Ipandishe kidogo, izoee, ipandishe tena. Ukijikuta unaingojea simu imalize sentensi, ujue umefika wakati wa kuongeza.

Lakini kuna mahali kasi haifai, nako ni kwenye namba na majina. Kabla hujatuma hela, jina la mpokeaji na kiasi visome herufi kwa herufi. Kwenye TalkBack za karibuni, telezesha vidole vitatu hadi usikie "herufi", kisha kidole kimoja juu au chini kusogea moja moja. Ukihamia "maneno" unasoma neno kwa neno, na ukihamia kwenye kasi unaipunguza hapohapo bila kuingia kwenye mipangilio. Ukiingia ndani ya mipangilio ya TalkBack utakuta orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kutokea kwenye mzunguko huo. Iwe fupi. Mimi nimeacha herufi, maneno, vichwa, kasi na lugha. Vingine ni msongamano.

Msongamano ndio ugonjwa mkubwa wa simu ambayo haijarekebishwa. Fungua WhatsApp kwenye simu iliyotoka boksini. Unagusa mazungumzo ya juu, unasomewa jina la Mama Asha, ujumbe wake, saa, nafasi yake kwenye orodha, kisha unafundishwa: gusa mara mbili ili ufungue, gusa mara mbili na ushikilie kwa chaguo zaidi. Kila mstari, kila siku. Yale maelekezo ya kugusa yana faida kwa anayejifunza. Ukishayajua, yazime. Zima na taarifa za nafasi kwenye orodha kama huzihitaji. Ninachokibakiza ni aina ya kitu: kitufe, kiungo, kisanduku cha kuteua. Wapo wanaokizima hicho pia ili waende mbio zaidi, halafu wanashangaa kwa nini "Tuma" wanayoigusa haitumi, kumbe ni maandishi matupu na kitufe chenyewe kiko chini yake. Kuhusu vikatuni vinane vya kucheka mwishoni mwa ujumbe, "uso wenye machozi ya furaha, uso wenye machozi ya furaha", dawa yake si mipangilio. Waambie ndugu zako kimoja kinatosha, tumekuelewa umecheka.

Sauti iwe ya lugha gani? Maoni yangu hapa yanawaudhi baadhi ya waliosomeshwa kompyuta kwa Kiingereza. Nasema sauti kuu iwe ya Kiswahili, kwa sababu wanaoniandikia wananiandikia Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "pole sana" inaitamka "pole" ya Mwingereza, yaani mlingoti wa bendera, na mji wa Same unageuka "same" ya Kiingereza, neno jingine kabisa. Unaweza kuzoea, wengi tumezoea miaka, lakini nguvu unayotumia kutafsiri matamshi kichwani ungeitumia kuelewa ujumbe. Sauti ya Kiswahili ya Google inapakuliwa bure. Wengine wanapendelea eSpeak NG, programu nyingine ya sauti, ambayo nayo ina Kiswahili. Inasikika kama roboti lakini ukiikimbiza haimezi silabi. Tatizo linageuka pale benki inapotuma ujumbe wa Kiingereza na sauti ya Kiswahili ikaupondaponda. Ndiyo maana nimebakiza lugha kwenye ule mzunguko wa vidole vitatu. Ujumbe wa shangazi kwa Kiswahili, wa benki kwa Kiingereza, kuhama ni kutelezesha tu. La msingi ni kupakua data za sauti zote mbili zikae ndani ya simu, usije ukakwama bando likiisha ukiwa njiani.

Kuna mpangilio mmoja mdogo ambao ningependa kila asiyeona anayepanda daladala aujue: kuficha skrini. Umevaa hedifoni, unasikiliza ujumbe wako taratibu, unajiona una siri. Jirani yako anasoma kila neno, tena kwa raha, maana hata ukimgeukia hutajua anaangalia wapi. Kwenye iPhone unagonga skrini mara tatu kwa vidole vitatu, inakuwa nyeusi huku ikiendelea kufanya kazi. Kwenye TalkBack chaguo hilo liko ndani ya menyu yake. Kuna usumbufu wake: ukimpa konda simu akusomee kitu atakwambia imezima, na utatumia dakika nzima kumshawishi kwamba haijazima. Kama hutaki kuficha, angalau shusha mwangaza hadi mwisho. Huuhitaji, na betri inadumu.

Namba ya siri ni habari nyingine. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kuamua kama nywila zitamkwe, na watu wakiizima wanalala usingizi wakijua wamejilinda. Inakulinda kwenye visanduku ambavyo simu inatambua kuwa ni vya nywila. Kile kisanduku cha menyu ya nyota na reli mara nyingi simu inakichukulia kama sehemu ya maandishi ya kawaida, kwa hiyo tarakimu zako nne zinatangazwa kwa spika mbele ya foleni nzima. Hapo sina ujanja zaidi ya hedifoni sikio moja, jingine nibaki nalo kusikiliza dunia. Usitegemee kupunguza sauti. Ukiishusha mno utapoteza na maelezo unayoyahitaji.

Kuhusu sauti yenyewe, tangu Android 8 kisoma skrini kina kiwango chake cha sauti, mbali na cha muziki na cha mlio. Wengi hawajui, ndiyo maana wanalalamika kwamba muziki ukipigwa hawamsikii "yule dada". Kipandishe hicho peke yake. Pia ruhusu simu ipunguze sauti nyingine wakati kisoma skrini kinaongea. Na kama simu yako ni ya zile zinazojisifu kutunza betri, nenda kwenye orodha ya programu zinazozimwa zikiwa nyuma, uiondoe programu yako ya sauti humo. La sivyo simu itakufa bubu katikati ya safari, nawe utadhani imeharibika. Hilo la betri limewapeleka kwa fundi watu wengi kuliko maji.

Wenye uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wengi wenye ualbino, nisiwasemee sana kwa sababu mahitaji yao si yangu. Ninachokiona ni kwamba wanasukumwa kwenye TalkBack kamili wakati huenda wangetosheka na ukuzaji, rangi zilizogeuzwa, na ile huduma ya kuchagua maandishi yasomwe unapotaka wewe. Vijaribiwe kimoja kimoja, na mwenye macho hayo ndiye aseme kipi kinamfaa. Mtu wa pembeni hawezi kukisia.

Mpaka hapa nimezungumzia mambo yaliyo mikononi mwetu. Yapo ambayo hata ukae na mipangilio usiku kucha hayatatoka. Unafungua programu ya benki, unatelezesha: kitufe, kitufe, kitufe. Havina majina. Anayeona anaona alama ya nyumba, alama ya noti, alama ya mtu. Mimi nasikia kitufe. TalkBack inakuruhusu kukipa jina mwenyewe kupitia menyu yake, na matoleo mapya hujaribu kukisia alama kwa kuiangalia, lakini kukisia kwenye programu ya fedha mimi siko tayari. Kwa anayeunda programu, kukipa kitufe maelezo ni mstari mmoja kwenye Android, unaitwa contentDescription, na wala hauongezi chochote kwenye muonekano.

Ukikutana na programu ya namna hiyo, usimalizie hasira kwenye kundi la WhatsApp. Nenda kwenye ukurasa wake wa Play Store, andika unatumia TalkBack, taja toleo la programu, taja kitufe kiko ukurasa gani na kinatakiwa kufanya nini. Hao wa benki yangu niliwaandikia hivyo. Toleo lililofuata, vitufe viwili vilikuwa na majina. Cha kuangalia salio bado, kwa hiyo nimewaandikia tena.