Mlango wa kulia, mlango wa kushoto

Watu wakisikia kwamba mfanyakazi mpya wa kiwanda cha magari Marekani analipwa chini ya mkongwe, huuliza: ajabu iko wapi? Mtumishi wa serikali Tanzania naye huanzia ngazi ya chini kwenye daraja lake la mshahara (TGS), akapanda mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo mambo mawili yanapochanganywa. Ngazi ya uzoefu kilele chake ni kimoja kwa wote. Mkataba wa 2007 kati ya UAW, chama cha wafanyakazi wa magari, na kampuni za GM, Ford na Chrysler uliwawekea wapya kilele chao, kifupi: dola 14 hadi 16 hivi kwa saa pale mkongwe alipopata 28 hivi. Pensheni ya zamani nayo hawakuipata, baadaye wakawekewa akaunti ya akiba ya kustaafu, 401(k).

Kampuni zilikuwa na sababu. Matibabu ya wastaafu yalizielemea, washindani wa Kijapani waliendesha viwanda visivyo na chama, na 2009 GM na Chrysler zikafilisika. Mpango huu ulishusha gharama bila kugusa mshahara wa aliyepo: mkongwe akistaafu, nafasi yake inajazwa kwa nusu bei. Ndivyo GM ilivyomudu kuunda gari dogo, Chevrolet Sonic, huko Orion, Michigan, badala ya kulitengenezea nje. Hoja hiyo siidharau.

Ila simama kwenye mstari wa kuunganisha magari. Unapotoa magari 60 kwa saa, kila kituo kina dakika moja. Kulia mkongwe anafunga mlango, kushoto mpya anafunga wake. Bolti zilezile, mashine ileile ya kukazia. Mpya akishazoea kituo, na mara nyingi ni suala la wiki, gari halijui nani ni nani. Aliyemfundisha ni yuleyule wa kulia.

Mwaka 2015 wafanyakazi wa Fiat Chrysler (Chrysler ikiwa imeungana na Fiat) waliikataa rasimu ya kwanza ya mkataba kwa kura 65 kwa 100. Ya pili ikaleta ngazi ya miaka 8: mpya apande polepole hadi kilele cha mkongwe. Wengi waliona tatizo limekwisha, kumbe urefu wa ngazi nao ni mshahara. Chukua viwango vya kabla ya mgomo wa 2023: kuanza dola 18 hivi, kilele 32 hivi. Pengo la dola 14, mara saa 2,080 za mwaka, ni dola 29,120. Likipungua sawasawa hadi sifuri kwa miaka 8, mpya anakuwa ameachia takriban dola 116,000, bila kuhesabu ovataimu. Kwa miaka 3 ni kama 44,000. Na anayechoka akaondoka mwaka wa nne hakioni kilele kabisa. Anayeshika nafasi yake anaanzia chini tena. Kwa mpangilio huo kila anayeacha kazi anaipunguzia kampuni gharama, kisha mameneja wanalalamika kwamba vijana hawakai!

Mgomo ulioanza Septemba 15, 2023 ulirudisha ngazi kwenye miaka 3, ukapandisha mishahara kwa asilimia 25 hadi 2028. Pensheni haikurudi, mchango wa kampuni kwenye 401(k) ndio ulioongezwa hadi asilimia 10. Kwa hiyo wale wawili wa mlangoni sasa wanaweza kulipwa sawa kwa saa, lakini siku ya kustaafu wa kulia ataondoka na malipo ya kila mwezi hadi kufa, wa kushoto na salio la akaunti.