Papa, uko na kote?

Katika mji huu wa Lubumbashi nimeshaulizwa maswali ya kila namna. Polisi wa barabarani aliwahi kuniuliza vyeti vya gari nikiwa natembea kwa miguu. Mwenye nyumba huuliza lile lake kila tarehe mbili, hata Jumapili. Lakini leo asubuhi, nikiwa na koti, tai, na viatu vilivyong'aa mpaka nzi anateleza, binti wa umri wa mtoto wangu wa nne ameniangalia juu ya miwani akasema:

"Jambo yenu papa. Uko na kote?"

Kote! Alama zangu za mtihani, ndani ya biblioteki, nyumba ya vitabu, mbele ya wanafunzi! Vichwa sita vimegeuka. Nikakohoa, nikainama kwenye meza yake, nikamnong'oneza: "Asilimia 54, binti yangu. Lakini mwaka ule mtihani wa serikali ulikuwa mkali, na aliyesahihisha hakutupenda watu wa mtaa wa Katuba."

Hakucheka. Angecheka ningesamehe.

"Hapana papa. Kote ya kitabu. Namba yake. Bila kote utakipata wapi?"

Nieleweni, mimi sikwenda pale kwa ajili ya elimu. Nilikwenda kwa ajili ya kuku. Mama watoto zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa, ilipofika, badala ya kulipa deni tunalolijua, alinunua kuku wanane ambao muuzaji aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba wanataga. Hii ni wiki ya saba. Wanakula mahindi kuliko watoto, wanalala mapema kuliko watoto, na yai hakuna. Jana usiku, gizani kama kawaida, mama watoto akatoa sauti upande wa pili wa kitanda: "Si unasema ulisoma? Kaangalie kwenye kitabu."

Safari yenyewe siisemi. Nilikaa kwenye goti la mtu. Mlinzi wa mlangoni aliuliza kama mfukoni nina chakula. Nikamwambia ningekuwa nacho nisingekuja.

Basi binti akanionyesha kabati la droo ndogondogo zilizojaa fishi, vikadi vya kutafutia vitabu. Nikavuta K, nikatafuta kuku. Hayupo. Nikavuta P, maana huyu kuku labda ameandikwa kwa Kifaransa. Hayupo. Kumbe kuku wakishakuwa wengi hawaitwi kuku, wanaitwa avikiltire, ufugaji wa ndege, na fishi yao imebanwa katikati ya aviasio na avio, mambo ya ndege za abiria. Kuku wangu, ambaye hata ukuta wa banda haruki, amekaa na marubani!

Fishi ilisema 636.5142, na chini yake herufi tatu: KAB. Nikasema vizuri, kimo kwenye kabati. Nikazunguka nikitafuta kabati mpaka binti akaja kunitoa ofisini kwa mkubwa wake. KAB ni mwanzo wa jina la mwandishi. Angejiita Mwamba ingekuwa MWA.

Hapo ndipo vita ilipoanza, kwenye rafu ya mifugo. Farasi wametangulia, 636.1. Farasi! Katuba nzima nitajieni mtu mwenye farasi. Ng'ombe 636.2, kondoo na mbuzi 636.3, nguruwe 636.4. Nikaona bata, 636.597. Nikasema nimekaribia, yangu iko mbele kidogo. Nikaenda mbele. Nikapita mbwa, 636.7. Nikapita paka, 636.8. Nikakutana na sungura, na baada ya sungura ukuta.

"Binti, kitabu chenu hakipo."

"Rudi nyuma papa. Kiko kabla ya bata."

"Kabla ya bata vipi? Bata ana 597. Mimi nina 5142. Wewe ukienda sokoni na falanga 597 na mimi na falanga 5142, nani anarudi na unga?"

"Papa, hii si falanga. Baada ya nukta tunasoma namba moja moja. Yako tano, yake tano. Halafu yako moja, yake tisa. Moja inatangulia tisa. Imeisha."

"Na ile nne? Na ile mbili?"

"Kwa bata hatuzifikii."

"Hamzifikii! Sasa waliziandika za nini?"

"Tano ni kuku na ndege wenzake wa kufugwa. Ukiongeza namba, unabana habari. Hiyo yako imebana mpaka kwenye mayai."

Kijana mmoja wa chuo, bila kuitwa, akainua kichwa. "Papa, fikiria dola. Dola 0.5142 na dola 0.597, unachukua ipi?"

Nikanyamaza. Dola naielewa. Dola sote tunaielewa. Lakini jamani, watu wawili wananifundisha kuhesabu, na tai yangu shingoni, na jasho linashuka ndani ya koti, na ninatafuta yai tu!

Nikarudi nyuma. Pale mahali pake, palipotakiwa kuwa na 636.5142 KAB, palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Vumbi lilikuwa limezunguka pembeni, katikati pasafi, umbo la kitabu kabisa. Binti akaangalia daftari lake: hakikuazimwa. Basi kuna mtu alikisoma, akakirudisha popote alipopaona. "Kilichoibwa tunaandika kimeibwa," akasema kwa uchungu, "lakini kilichowekwa pasipo pake, kimo humu humu na hatuna." Nikamwonea huruma. Hata kwangu kitambulisho cha mzee mmoja kimepotea hivyo tangu tulipohama.

"Lakini papa, kuku wako pia kule." Akanyoosha kidole. "Na kule."

Kumbe! Kuku mmoja, nyumba tatu. Ukimsoma kama ndege wa Mungu, yuko 598. Akiwa bandani, 636.5. Akishaingia sufuriani, 641.665. Kwangu kutoka bandani mpaka sufuriani ni mita nne. Hapa ni lazima upite kilimo chote na uzunguke nguzo. Eti vitabu havipangwi kwa kitu, vinapangwa kwa fani inayokisema kitu. Aliyeamua hivyo ni Mmarekani, Melvil Dewey, mwaka 1876, akiwa na miaka 24, umri ambao wangu bado ananiomba nauli. Alizaliwa Melville, akaona herufi mbili za mwisho zinakula wino, akazikata. Kuna wakati hata Dewey akaiandika Dui. Mtu asiyehurumia jina lake mwenyewe atamhurumia kuku wangu?

Na alivyogawa lugha! Kilatini kimepewa 470 nzima, chumba na sebule. Nani alishamsikia mtu ananunua makala ya kupikia kwa Kilatini? Kiswahili, ambacho tangu asubuhi natukanwa nacho, ukikitaka nenda 490, lugha nyinginezo, ukifika uliza Afrika, 496, ukifika piga nukta uendelee mpaka 496.392. Kama kutafuta nyumba ya mtu kule mtaa wa Annexe.

Rafu za nyuma za enzi za Wabelgiji ndizo msiulize kabisa. Wale, Otlet na La Fontaine, walianza kazi yao Brussels 1895, wakaichukua mipango ya Dewey, wakaijaza alama za kujumlisha, nukta mbili, na mabano. La Fontaine akapata na Nobel ya amani mwaka 1913. Amani gani na mabano yale sijui. Humo ndani nchi yetu ni (675). Kongo nzima, na mto wake, na shaba yake, imo ndani ya mabano!

Nimeondoka na cha 641.665, kwa dhamana ya kadi yangu ya mpiga kura. Hapa ninapoandika nimekaa nacho uani. Ukurasa wa kwanza una picha. Kuku wamesogea wote wanane, yule mwekundu amepinda shingo, anaangalia picha, ananiangalia mimi. Mama watoto hajasema kitu, ila amekwenda kuosha sufuria kubwa, na mimi...

Ngojeni, maji yametoka kwenye robine. Nani amechukua bidoni la njano? Letu ni namba 14! Mama jirani, wewe una 9, ndiyo, naiona, lakini weka chini kwanza. Hapana mama, hii si falanga. Soma namba moja moja. Moja inatangulia tisa!