Acheni Kuwacheka Zimamoto Waliosimama Mbali

Jumapili iliyopita kwenye grupu letu la ukoo mtu katupia video. Lori la mafuta limelala ubavu kando ya barabara, kitu kinatiririka kuelekea mtaroni, na gari la zimamoto limeegeshwa kule juu, mbali kabisa. Askari mmoja kashika darubini. Anayerekodi anacheka: "Jamani oneni, zimamoto wetu wamekuja kutalii!" Grupu zima vicheko. Shemeji yangu, ambaye akiona mende hupanda kitandani, akaandika, "Waoga hawa, wanakula mshahara wa bure."

Nilinyamaza kama robo saa hivi. Nikashindwa.

Yule mwenye darubini ndiye aliyekuwa kazini kuliko wote pale. Alikuwa anatafuta namba. Kila mzigo wa hatari una tarakimu zake nne, nazo hubandikwa kwenye tenki: 1203 petroli, 1202 dizeli, 1075 gesi ya kupikia. Asipoijua namba, kila hatua anayosogea ni kamari. Kitabu cha mwongozo wanachotumia waokoaji wa Marekani, Kanada na Mexico kinasema petroli ikimwagika, anza kwa kutenga mita 50 kila upande. Tenki likishika moto, 800. Mita mia nane! Wana hata kipimo cha asiye na kitabu: nyoosha mkono, inua dole gumba, funga jicho moja. Gumba lisipofunika tukio zima, umesogea mno. Yule mrekodi wetu angehitaji sinia.

Na lile gari halikuegeshwa juu, upande upepo unakotoka, kwa bahati. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai kama moshi. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unajaa bondeni, wala huuoni. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, unasubiri cheche: bodaboda anayepiga kiki, jiko la mama ntilie huko chini. Moto unawakia kule, halafu unafuata mvuke kurudi mpaka kwenye tenki. Ndiyo maana wanatangulia na kipimo cha gesi, wanazimisha injini na majiko yote ya jirani, wanaziba mtaro kwa mchanga, kisha wanafunika mafuta kwa povu. Na kwa wale waliouliza grupuni "mbona hawamwagi maji": petroli inaelea juu ya maji na kusafiri nayo. Utakuwa umewagawia majirani moto.

Mimi mwenyewe si malaika. Miaka ya nyuma basi letu lilikwama kwenye foleni, mbele kuna tenki limepinduka. Konda alimwaga maji yake ya kunywa, lita tano nzima, akatimka na dumu tupu. Mimi nilishuka kwa umbea tu. Nikasogea mpaka macho yakaanza kuwasha na harufu ikanikaa kooni. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akanikamata ukosi wa shati. "Mjukuu wangu, ukishaisikia harufu hiyo hivyo, wewe ni utambi." Nilirudi kwenye basi nimenywea. Konda alirudi na dumu limejaa, akaliweka chini ya kiti, na tukasafiri nalo. Hakuna abiria aliyefungua mdomo, mimi nikiwemo.

Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019: walikufa zaidi ya watu 100. Sachangwan, Kenya, 31 Januari 2009: zaidi ya 100. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010: zaidi ya 200. Kote huko watu walisogea kwenye tenki lililopinduka, wengi wao na vyombo mkononi. Waoga walikuwa wachache mno.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuna siku gari linafika majivu yameshapoa, na ule utani wa kuja bila maji haukuzuka hewani. Wachelewaji tuwaseme, tena kwa sauti. Ila huyu wa kwenye video alikuwa amefika, na alikuwa anasoma kabla ya kugusa.

Niliyaandika yote haya grupuni, na namba ya zimamoto, 114, nikaiweka mwishoni. Kimya. Baada ya saa nzima shemeji akajibu: "Sawa profesa. Kwa hiyo mafuta yote yale yapotee bure?"